Mkono Nyuma ya Mtungi

Jumatatu, 4 Machi

Kesho meli! Ile kubwa ya kutoka San Juan. Mjomba Nolly ameshajaza mitungi yote ya hewa, na duka letu la kuzamia amelifagia mara mbili. Akiwa na wasiwasi hufagia. Nimemwambia atatoboa sakafu.

Familia niliyopangiwa ni akina Maldonado, watu wa Puerto Rico, wa mji wa Caguas. Baba Efraín, mama Migdalia, kijana Yadiel wa miaka kumi na minne, na binti Alondra wa miaka kumi. Huyu mama ameniandikia barua pepe chungu nzima tangu Krismasi. Swali lenyewe ni la kila familia ya melini: kuna kitu gani tunaweza kufanya sote pamoja?

Jibu ni hakuna. Wenye cheti cha kuzamia wanakwenda na mashua. Wasio na cheti, wakishatimiza miaka kumi, wanashuka nami taratibu kutoka ufukweni. Wadogo zaidi wanavaa mtungi mdogo na kupuliza mapovu kwenye maji ya kifuani. Waoga wanaelea juu na miwani. Kisha honi ya meli, kwaherini.

Lakini Migdalia anajua kuomba. Mumewe ana cheti, kijana kapata chake kiangazi kilichopita, yeye mwenyewe ataelea juu. Amebaki Alondra tu. Aliniuliza kama si afadhali binti abaki kwenye mapovu, maana ndiyo kwanza katimiza kumi. Nikamjibu hapana, mlete kwangu. Tutashuka sote mbele ya duka, baba na kaka kando yake, wewe juu yetu unatuona. Na nitamwonyesha farasi wa baharini—najua anapokaa.

Mjomba anasema mimi naahidi kama mgombea wa kura. Aende zake huko. Sijawahi kumrudisha mtoto analia.

Jumanne, 5 Machi

Alondra yuko hospitali. Anaongea, anajua alipo. Ni sikio la kushoto. Anatapika kila akiinua kichwa.

Meli imeondoka bila wao. Yadiel nimemwacha kwenye benchi la nje, peke yake, nywele bado zina chumvi.

Sina la kuandika. Ninalo, ila siwezi.

Jumatano, 6 Machi

Basi niandike. Hapa hakuna wa kunisikia.

Upepo uliichelewesha meli kufunga gati. Tuliotakiwa kuanza saa tatu tukaanza karibu saa tano, na saa kumi wote wawe wamesharudi melini. Kisiwani kwetu Bonaire hata bingwa wa dunia haendi popote kabla ya kushuka kwanza mbele ya duka, tumwangalie. Mgeni kabisa ndiyo zaidi: anapiga magoti mchangani, anabana pua, anapuliza, mpaka masikio yazoee. Kwa watu wa meli mimi huwa nafupisha. Jana nilifupisha zaidi. Alondra alibana pua mara mbili tatu, akanionyesha kwa vidole ishara ya sawa, nami nikasema twende.

Mgeni unamshika kwa nyuma, kwenye kichwa cha mtungi wake. Wewe uko juu yake na nyuma yake. Yeye hakuoni. Anajiona anaogelea mwenyewe, anafurahi, wala haparamii matumbawe. Ukitaka apande, unamwinua. Ukitaka ashuke, unamsukuma kidogo. Nimefanya hivyo miaka yote. Watoto wananiita malaika.

Yadiel alikuwa kamshika dada yake mkono wa kulia. Niliwaambia washikane, mama yao apate kitu kizuri cha kutazama kutoka juu. Efraín alikuwa mbele yetu.

Tulipofika kama mita tano Alondra alitikisa kiganja, ishara yetu ya kwamba kuna tatizo, akagusa sikio. Nikamwinua kidogo, akabana pua, akanionyesha sawa. Ile sawa ya mtoto mwenye adabu, asiyetaka kuwaharibia wengine. Nikaijua. Nikashuka naye hivyo hivyo.

Na farasi alikuwepo pale pale! Kajiviringisha mkia kwenye sifongo. Wazamiaji wa duka jingine walikuwa wanakuja upande ule, na nikajua wakifika watamtia kiwi kwa taa zao na ahadi yangu itakuwa imekwisha. Alondra akatikisa kiganja tena. Nilikiona kiganja. Sisemi sikukiona. Nikasema moyoni, ah, hofu hiyo, wote hufanya hivi, mita moja tu.

Nikamsukuma chini. Kwa mkono huu ninaoandikia.

Alirusha miguu, miwani ikajaa maji. Nikawapandisha wote wawili taratibu, kama inavyotakiwa—hilo tu nililifanya sawa. Kwenye ngazi damu ilikuwa inamtoka sikioni.

Akamwambia baba yake, Papi, nilitaka kupanda, kuna mtu kanivuta chini.

Efraín akamgeukia kijana. "Si wewe uliyekuwa umemshika? Eh? Si wewe!"

Yadiel alimwangalia dada yake, akauangalia mkono wake mwenyewe. "Nilikuwa naangalia farasi, Papi. Sijui. Labda. Sijui."

Labda! Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mtungi wa Alondra nimeukumbatia. Nikafungua kinywa. Nikasema mambo kama haya hutokea.

Alhamisi, 7 Machi

Alondra katoka hospitali. Kizunguzungu kimepungua. Daktari amewakataza ndege mpaka alikague tena sikio Jumapili. Anasema kiwambo kimechanika, mara nyingi hujifunga chenyewe, ila usikivu hawezi kuuahidi. Anapiga muziki, huyo mtoto. Fidla. Sikuwa najua. Migdalia ameniambia katika kuongea tu, wala si kwa kulaumu, na nimetamani ardhi inimeze.

Huu ni msimu, hakuna chumba popote. Mama yangu aliposikia akapanda gari akaja mwenyewe hospitali, na kanga yake ya jikoni kiunoni. Akasema wageni hawalali kwenye viti wakati kijijini kwetu Rincon kuna nyumba. Basi wako kwetu. Efraín na Migdalia wamepewa chumba cha Mama, watoto wamepewa changu. Mimi niko kwa Mjomba, nalala kwenye bembea ya kamba. Ndivyo mambo yalivyo: nimemtoboa mtoto sikio, na sasa analala kwenye mto wangu na kunishukuru kwa mto.

Mchana Mama kawapikia supu ya iguana, wale mijusi wakubwa wa majani. Hakuwaambia mpaka wamemaliza. Efraín kacheka mpaka kashika meza. "Mama, kwetu wamejaa nyumbani, wanatulia maua yote! Kumbe ilikuwa tuwale wao!" Alondra kaomba kuongezewa, kwa sauti kubwa mno—hajui anavyopaza sauti.

Baba hasemi na mwanawe. Akitaka chumvi anamwomba mkewe, na chumvi iko mbele ya Yadiel. Kijana ndiye anayeosha vyombo. Mama amemkataza, hasikii.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia Mjomba. Nusu. Nikamwambia nilishuka haraka kidogo, na kijana hana kosa.

Akaacha kufagia. Akaniuliza binti mwenyewe anasema ni nani. Nikamwambia hakuona. Akafagia tena.

"Sikiliza, Mila. Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana Mungu kauzungushia meno. Ofisi ya meli imepiga simu mara mbili. Nimewaambia ajali ya ndani ya familia, watoto walikuwa wanacheza. Wameridhika. Unataka niwapigie niseme nini? Kwamba mwalimu wangu alimsukuma mtoto anayeumwa?"

Sikuwa nimemwambia nusu ile nyingine. Kumbe anaijua. Alinifundisha yeye mwenyewe kushika kichwa cha mtungi.

Nikamwambia, na kijana je? Akasema ana miaka kumi na minne, atasahau, mtoto hasahau nini?

Mimi sijasahau kitu hata kimoja cha miaka kumi na minne! Mwalimu wa hesabu aliyesema naiba chaki, na sikuiba—leo nikimwona sokoni navuka barabara. Na mimi angalau nilijua kwamba sikuiba. Huyu wangu hata hilo hana. Anaukagua mkono wake.

Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi, tunasema. Nimemtwisha mwingine mzigo wangu na mabega yangu hayajapata nafuu yoyote. Njaa sina. Kazini nimeomba ruhusa, nimesema nina mafua. Uongo mwingine.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda Rincon asubuhi nikiwa nimeshapanga maneno. Bwana Efraín, kaa chini. Aliyemsukuma ni mimi. Mafupi hivyo.

Nikamkuta anarekebisha bomba la Mama. Bomba linalovuja tangu mwaka juzi! Akanionyesha kwa fahari, akanishika bega na mikono ya mafuta. Akasema, "Mwalimu, wewe usijilaumu. Nimekuona unavyokonda. Nimewahi kuzamia na walimu wengi, mwingine angetukimbia siku ile ile. Kosa ni la nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu nitalimaliza."

Nikasema ahsante.

Ahsante! Niligeuka nikaingia garini. Nimeendesha mpaka kwenye mashamba ya chumvi, nimelia kama mjinga, flamingo wananiangalia. Mwoga. Hakuna neno jingine. Baharini naogelea na papa, na nchi kavu siwezi sentensi moja.

Jumapili, 10 Machi

Sikio linajifunga. Kusikia upande ule bado ni kidogo, huenda kukarudi, huenda kusirudi kote. Daktari kawaruhusu kuruka kesho. Kwa hiyo ni leo. Nilijiambia ni leo.

Baada ya kanisa Mama kachinja mbuzi. Migdalia akanivuta nyuma ya jiko, mikono yake ina unga wa funchi, ugali wetu wa mahindi. Akaniambia Yadiel ameigawa miwani yake ya kuzamia kwa mtoto wa jirani. Hali chakula, anakisukuma pembeni ya sahani. Jana kamwambia Alondra kwamba akitaka na yeye atalitoboa sikio lake, wawe sawa. Alondra kalia.

"Dada yangu, baba yake ni mkali, na mimi nikisema anaona ni huruma ya mama tu. Lakini wewe ulikuwepo. Wewe ni mwalimu, anakusikiliza. Nenda umwambie Yadiel umemsamehe. Nakuomba. Sitaki arudi nyumbani hivi."

Nikasema nitaongea naye. Kuongea naye ndiko nilikokuwa nakutaka, si ndiyo? Mlango umefunguliwa wenyewe.

Alikuwa kwenye ua wa dungusi, anawapa mbuzi maganda. Nilisimama kando yake. Nikavuta pumzi. Yeye akaniwahi.

"Mwalimu, samahani. Nimekuharibia kazi. Mjomba wako kasema meli inaweza isiwalete watu tena."

Nikamwuliza kama anakumbuka kumvuta dada yake.

"Sikumbuki. Nimejaribu. Nikilala nauona mkono unavuta, lakini sijui kama ni wangu kweli au ni kwa sababu wamesema. Wewe ulikuwa juu yetu. Wewe uliona. Niambie tu, sitakasirika. Ni mimi?"

Aliuliza wazi hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali jepesi zaidi.

Nikasema, "Nimekusamehe."

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Ninajua. Lilikuwa limekaa tayari mdomoni, mama yake kaliweka pale, nami nikalitema. Yadiel aliinamisha kichwa, akasema, "Kumbe ni mimi." Taratibu. Kisha akalia, akajifuta kwa fulana, akanikumbatia. Ananuka mbuzi na sabuni ya Mama. Akasema ahsante, mwalimu, sasa angalau najua. Akakimbilia ndani.

Niko garini, uani. Madirisha yote yako wazi kama kawaida yetu, nasikia kila kitu. Yadiel anamwambia baba yake. Halafu sauti ya Efraín, nzito, imevunjika: mwalimu kakusamehe, na mimi nani nisikusamehe, njoo hapa. Viti vinaburuzwa. Migdalia analia. Alondra anauliza kwa sauti yake kubwa, "Nini? Wamesema nini?" Wanacheka wote. Tangu Jumanne sijawasikia wakicheka wote.

Wakiruka kesho, Yadiel atalibeba kosa hili mpaka uzee, na nimempa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na akanishukuru.

Bado wako mezani. Hatua kumi na tano hazifiki. Naweza kuingia nikasema, wanisikie wote, Mama asikie, na kicheko hicho kiishe.

Mama ananiita. Efraín naye: mwalimu, hatuanzi bila wewe, sala ni yako leo! Nimejibu nakuja. Miguu haijashuka.

Yadiel katumwa aje kunichukua. Anakuja mbio, anatabasamu.