Mara ya Nane

Kashai, Bukoba
Jumamosi, mvua imekata

Kwa dada yangu mpendwa Clotilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshajibu milele amina kabla hujamaliza kuchana bahasha, basi tuendelee. Hujambo wewe, na magoti yako hayajambo? Nasikia huko utawani ninyi wanovisi mnapiga magoti kuliko sisi tunavyokaa. Chakula je, wamekuzoesha ugali au bado unaota ndizi? Mimi mzima kama chuma. Pikipiki nayo nzima, nimeivisha kiti kipya, na siku hizi abiria wa Kashai wananifuata mimi hata nikiwa wa mwisho kijiweni. Wenzangu wananuna. Siwalaumu.

Mwandiko usikushangaze. Shule na mimi tuliachana kwa amani kidato cha pili, wewe ni shahidi. Ingekuwa kwa hiari yangu ningekupigia, lakini walezi wako wamezifungia simu zenu kabatini, ndiyo maana nimeshika kalamu kama karani. Tena nimesikia Jumapili ya mwisho wa mwezi ni siku yenu ya wageni, na tata, mzee wetu, anakuja. Atakuja na maneno kuhusu mimi. Nataka yangu yakufikie kabla ya yake. Usome mpaka mwisho, waitu, tafadhali, hata kengele ikilia.

Kwanza ujue kwamba mdogo wako amekuwa mtu wa serikali. Au karibu na hapo. Kwenye nyumba ninayopanga, chumba cha pembeni anakaa Mama Paskazia, ofisa ustawi wa jamii. Ni mama mwembamba, mkoba wake mkubwa kuliko yeye, anasema polepole kama anasoma somo la kwanza kanisani, lakini ukimdanganya anakuangalia mpaka unakumbuka dhambi za utotoni. Gari la ofisi yao huwa bovu siku zote ambazo linahitajika. Basi akaniona mimi, akaona pikipiki, akaona helmeti mbili safi, akachagua. Tangu mwezi wa tatu mimi ndiye niliyekuwa nampeleka polisi, hospitali, mahakamani na Muleba. Barua ya ofisi hii kwenda ofisi ile inapita kifuani kwangu, ndani ya jaketi, isilowe. Nilikuwa nawaambia kijiweni kwamba bila mimi kesi za watoto mkoa huu zingelala. Walicheka, lakini nilikuwa nawaona wakifikiri.

Kazi yenyewe ilihusu mtoto mmoja wa kike, miaka kumi. Nitamwita Yuster, si jina lake. Mama yake anaitwa Shilogile, mfanyabiashara wa dagaa huko visiwani Muleba, na kule kambini kwa wavuvi shule ni ya kubahatisha. Ndiyo akamleta mtoto nchi kavu, Buganguzi, akae kwa mtu mwenye duka, asome, na jioni asaidie kazi ndogondogo. Mwenye duka ni Datius. Ndiyo, Datius huyo huyo wa ukoo wetu, aliyetununulia maandazi siku ya komunyo yako ya kwanza. Kaa chini kama umesimama. Mtoto alikula kipande cha samaki bila kuomba, na Datius akamchoma viganja vyote viwili kwa kisu alichokipasha motoni. Mwalimu wake aligundua kwa sababu mtoto alikuwa ameshika kalamu kwa vidole vya pembeni.

Datius akakamatwa, akapata dhamana. Mtoto akaletwa Bukoba kutibiwa, na kwa kuwa hakuweza kurudi kule, Mama Paskazia akampata mlezi wa kuaminika, mjane mmoja anaitwa Mama Edvina. Mama huyu hana makuu. Ana migomba nyuma ya nyumba, ana kuku saba, na ana tabia ya kukuuliza umekula kabla hajakuuliza jina. Siku ya kwanza nilipomfikisha Yuster pale, mtoto alikataa kuvua helmeti. Akala nayo. Mama Edvina akampakulia tena.

Sasa nikueleze shida yenyewe, maana hata mimi mwenye akili ilinichukua muda kuiona. Yule mtoto alisimulia yaliyompata kwa mwalimu. Akasimulia kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasimulia polisi Muleba, mbele ya kaunta, watu wakisubiri kutoa taarifa za mbuzi walioibwa. Akasimulia kwa daktari wa kule, akasimulia kwa daktari wa huku, akasimulia kwa Afande Stellah wa dawati la jinsia na watoto, kisha kwa wakili wa serikali. Hizo ni mara saba, nimezihesabu kwa vidole na mbili nilikuwa nasubiri nje ya dirisha. Kila mmoja alikuwa mtu mwema na kila mmoja alianza upya. Na kila mara hadithi yake ilizidi kuwa fupi. Ile ya saba ilikuwa maneno matatu tu: alinichoma, nilikula samaki.

Mama Paskazia akasema hapana, huyu mtoto tutammaliza sisi wenyewe tunaomsaidia. Akataka wote wakae chumba kimoja, siku moja, mtoto aongee mara moja tu na Afande Stellah, aliyevaa gauni badala ya magwanda, na wengine wasikilize na kuandika, wasimuulize tena mpaka mahakamani. Ukisikia hivyo unaona ni jambo rahisi. Dada, kuunganisha ofisi nne ni kama kufunga kuku wanne kwa kamba moja. Daktari Kyaruzi, yule wa huku, ana zamu. Wakili ana kesi. Polisi anasubiri fomu kutoka hospitali, hospitali wanasema fomu iko polisi, na fomu yenyewe iko kifuani kwangu nimekwama Muleba na pancha. Mwezi mzima tulizunguka. Siku moja tulifika kituoni mshikaki, mimi, mtoto katikati, Mama Paskazia nyuma, tukasimama miguuni pa trafiki. Akatuangalia watatu sisi, akauliza kama tumekuja kujisalimisha. Yuster akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikiwa kubwa.

Siku ikapatikana, Jumanne. Wote wakafika, hata wakili. Mtoto akakalishwa kwenye kiti kidogo, akapewa juisi. Afande akamwambia aseme anavyokumbuka, taratibu. Yuster akaangalia viganja vyake, akasema alijiunguza mwenyewe jikoni. Basi. 

Baadaye ndiyo ikajulikana kwamba Jumamosi, Mama Edvina akiwa kwenye sala ya jumuiya, nyumbani kwake alifika Rwegasira, kaka mkubwa wa Datius, pamoja na Shilogile, mama mzazi wa mtoto, aliyetolewa kisiwani kwa boti. Walimkuta mtoto anachambua maharage. Mama mtu alilia, akamwambia mtoto mambo yameshazungumzwa na wakubwa, duka la Datius likifungwa na wao dagaa zao hazina wa kununua, kwa hiyo aseme alijiunguza. Yule mama usimhukumu haraka. Mimi nilimwona baadaye, viatu vyake ni vya kuazima.

Swali likawa moja tu: nani aliwaonyesha nyumba? Mahali anapokaa mtoto palijulikana na watu wachache. Na hapo kamba ya Mama Paskazia ikakatika. Polisi wakasema hospitali wana midomo. Daktari Kyaruzi akasema yeye hata jina la mtaa hajui, waulizwe ustawi. Wakili akasema hakai tena chumba kimoja na watu wasiotunza siri. Mwishowe wakaona lawama iangukie wapi kama si kwa asiye na ofisi: Mama Edvina. Ikasemwa labda alipewa kitu. Ikaamuliwa kwamba Ijumaa mtoto ahamishwe apelekwe kituo cha kulelea watoto mkoa mwingine, peke yake, na Mama Edvina afutwe kwenye orodha ya walezi. Alipoambiwa, mama wa watu aliuliza tu kama huko wanajua kwamba mtoto hawezi kufunga vifungo mwenyewe.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi, nikatazama nje.

Dada, ni mimi.

Jumapili ile kabla ya hayo yote nilikwenda nyumbani Buganguzi kumpelekea tata sabuni na sukari. Nikamkuta na mgeni, Rwegasira. Kikaletwa kikapu kidogo cha akamwani. Wewe unajua kwetu: kahawa ya kutafuna ikitolewa na baba yako mbele ya mgeni wake, huirudishi, na ukishatafuna na mtu hukai naye umenuna. Nikachukua punje mbili. Nikatafuna. Ningeweza kutafuna nikanyamaza, punje hazimfungui mtu mdomo. Lakini Rwegasira akasema amesikia huko Bukoba kesi kubwa haziendi bila kijana wa Protase, yaani mimi. Tata akaniangalia. Dada, tangu niache shule tata hajawahi kuniangalia namna ile mbele ya mtu. Nikavimba kama andazi. Nikaeleza ofisi zote, nikaeleza ninavyoingia bila kugonga, na nikaeleza ninampeleka mtoto wapi: Nyanga, nyuma ya kanisa, geti la bluu. Hakuna aliyenibana. Geti la bluu nililiongeza kwa utamu wa hadithi. Na karatasi ya kutunza siri niliisaini mimi mwenyewe, kwa sahihi ndefu yenye mkia.

Baada ya kikao cha Jumanne nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nilijiambia Mama Edvina ni mtu mzima atajitetea. Nilijiambia mtoto atazoea. Alhamisi Mama Paskazia akaniita nimpeleke Nyanga wakafungashe nguo za mtoto. Tukamkuta Yuster nje, ameshika kuku mmoja kwapani, anamwambia Mama Edvina kwa sauti ndogo kwamba hatasema tena chochote kwa mtu yeyote, ili wamwache hapohapo. Alidhani anahamishwa kwa sababu yeye aliongea vibaya.

Nikamwambia Mama Paskazia pale pale, karibu na banda la kuku. Sikupamba. Aliniangalia kwa lile jicho lake, kisha akasema pikipiki yangu siku zote ilikuwa na breki nzuri, tatizo ni mdomo. Akanipakia mwenyewe, yaani mimi nikiendesha, mpaka kwa Afande Stellah, nikarudia mbele ya wote wanne. Wakili aliuliza kama natambua kwamba ninamtaja baba yangu. Nikasema natambua. Waliniandika maelezo kurasa tatu. Rwegasira ameitwa kujibu kosa la kumvuruga shahidi, na mimi nitasimama mahakamani kusema ilivyokuwa. Tata hakushtakiwa, lakini nyumba yake na kikapu chake vimo kwenye maandishi.

Kazi imechukuliwa. Sasa anayembeba Mama Paskazia ni Muhidini wa kijiweni kwetu, mtu anayesema maneno kumi kwa siku na matano kati ya hayo ni salamu. Nimemwachia helmeti ndogo.

Lakini wale wanne waliketi tena. Hilo nataka ulijue. Daktari Kyaruzi alimwomba radhi Mama Edvina kwa kutamka. Na kwa kuwa Nyanga pameshajulikana, mtoto amehamishwa kweli, ila amehama na Mama Edvina, na kuku wawili. Wako wapi, sijui. Nilimuuliza Mama Paskazia mara moja, akasema nisiulize, nikaona ana haki.

Tata ameniambia kwa simu nisikanyage kwake. Anasema mambo ya ukoo yanamalizwa barazani, na kijana aliyekula kahawa ya baba yake akaitapika polisi si wake. Akija huko, msikilize, ni baba yetu. Hakuwa na nia mbaya. Aliamini Rwegasira anakwenda kumwomba mtoto msamaha, na mpaka leo hataki kuamini vingine. Usimbishie kwa ajili yangu. Mwambie tu kwamba migomba ya upande wa juu inahitaji kupunguziwa machipukizi, na mimi nitakuja kuifanya Jumamosi itakayofuata, afungue mlango asifungue. Panga ninalo.

Uniombee, kazi hiyo si ndiyo uliyoichagua. Mwombee Shilogile pia. Msalimie Sista mlezi wenu, mwambie mdogo wako si mbaya wa sura. Wasalimie wanovisi wenzako, hasa wale wanaofikiria kuacha.

Jana, wakati narudisha jaketi la ofisi, niliwakuta wametoka chumbani. Yuster alikuwa ameomba mwenyewe kuongea, mara ya nane, maana ile ya Jumanne siihesabu. Walikaa ndani karibu saa nzima. Afande Stellah alitoka akaomba maji ya kunywa, wakili alikuwa bado anaandika amesimama. Yuster alipita mbele yangu, akaninyooshea kiganja nikione kinavyopona, akaenda zake na Muhidini. Alisema nini mle ndani, sijui, na safari hii nikiulizwa nitajibu hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Rwekaza