Chumvi Yetu Imetoka Chungu

Nyumbani kwa Babu Melitón,
Cachihuayco,
Cusco.
28 Novemba 2016

Mpendwa Dada Nélida,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye baridi. Mafua ya Lima yamekuachia? Na huyo tajiri yako wa cherehani, bado anawakatia chai mkichelewa? Mimi sijambo, ukiacha mgongo, miguu na mikono. Vilivyobaki ni vizima kabisa.

Babu anaendelea. Mkono wa kulia bado umelala, ila ulimi umeanza kurudi. Neno la kwanza kumtoka sawasawa lilikuwa tusi, tena alinitukana mimi, kwa hiyo tunamshukuru Mungu.

Sasa nikueleze habari ya kidimbwi chetu cha chumvi, na usiikunje barua kabla ya kufika mwisho kama kawaida yako.

Unajua niliacha shule kidato cha tatu, lakini kemia haikuniacha. Nilipata kumi na mbili kati ya ishirini. Jirani yangu aliyenakili kwangu alipata kumi na nne, mpaka leo sijui kwa nini. Mwalimu Zenobio alitufundisha kwamba sodiamu ukiitupa majini inawaka moto, na klorini ukiivuta inakuua. Lakini sodiamu akimpa klorini elektroni yake moja, wanashikana, wanakuwa chumvi ya kutia kwenye viazi. Alisema hiyo ndiyo ndoa. Mwaka ule mkewe alikuwa amemkimbia, kwa hiyo hatukucheka sana.

Tangu Babu aanguke, hakuna aliyekanyaga udongo wa sakafu ya kidimbwi ukashikamana. Nilikuwa peke yangu, na upande mmoja ukikaza, wa pili unapasuka. Hujasahau mambo ya sikukuu ya kufunga mfereji wa maji ya chumvi, mvua zikikaribia: kila nyumba inaleta konzi ya chumvi nyeupe ya kidimbwi chake na kuimimina kwenye sufuria ya supu ya wote. Nyumba isiyo na konzi, kidimbwi chake wanapewa maharusi wa mwaka. Mwaka huu maharusi ni Yovana na Crispín. Walikuwa wakinisalimia mno, Dada. Mtu anayekusalimia asubuhi, mchana na jioni anataka kitu chako.

Mawingu yalipoanza kukusanyika niliingiwa na haraka. Nikakwangua kidimbwi kwa nguvu mpaka nikafika kwenye udongo, na chumvi yote ikatoka nyekundu kama tofali. Mwingine angelia. Mimi nikasema, huu ni mchanganyiko tu, na mchanganyiko unatenganishwa. Nikaiyeyusha majini, nikaacha tope litulie chini, nikachuja maji kwa gauni lako jeupe la kipaimara. Usikasirike, lilikuwa limekubana toka zamani. Kisha nikakoka moto wa mikaratusi uani, nikaanza kuchemsha.

Kila aliyepita alikuwa na lake. Mama Hilaria aliweka mzigo chini kabisa ili anicheke vizuri.

"Profesa, jua limekukosea nini?"

"Jua ni la wenye muda, mama."

"Na kuni ni za wenye akili?"

Nilichemsha mpaka tone la mwisho likakauka. Chumvi ikabaki sufuriani, nyeupe, Dada, nyeupe kuliko ya mtu yeyote kijijini. Nililala kwa raha siku ile.

Siku ya sikukuu Mama Fortunata, mwenyekiti wa mfereji, alikuwa anaonja kila konzi kabla haijaingia kwenye supu. Alipofika kwangu akaonja, akatema, akanitazama.

"Umechemsha mpaka ikakauka kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Na maji machungu uliyamwaga wapi?"

Wewe unajua, na mimi nilijua. Kidimbwini chumvi nzuri inaganda kwanza, zile chumvi chungu zinabaki kwenye maji ya mwisho, na hayo tunayafungulia yaende zake. Mimi mwenyewe nimeyafungulia tangu nikiwa mdogo wa kufika kiunoni kwa Babu. Lakini mbele ya sufuria niliona hii ni kazi ya shule, si ya kidimbwi, nikakausha chungu na tamu pamoja.

"Ningeitia hii," akasema Mama Fortunata, "kijiji kizima kingepanga foleni chooni."

Walicheka mpaka Crispín akakaa chini. Yeye Mama Fortunata hakucheka. Hakuimimina chumvi yangu, na hakuitupa. Alisema nyumba iliyoleta chumvi chungu imefanya kazi, ila imefanya vibaya, na mtu mmoja hawezi kukanyaga kidimbwi. Tumepewa mpaka mvua ziishe. Mfereji ukifunguliwa mwezi wa nne, watu wawili wa nyumba yetu waonekane ndani ya udongo. Akionekana mmoja, kidimbwi ni cha Yovana na Crispín.

Nikajibu kwa sauti, mbele ya wote, "Dada yangu anakuja." Unajua mdomo wangu.

Babu, asiyejua lolote la sikukuu, kila asubuhi anauliza kama maji yameingia kidimbwini. Namwambia mvua inanyesha, na kweli inanyesha.

Nimechoka, Dada. Hilo sijamwambia mtu mwingine, na ukinitania nalo nitakana. Najua una kazi huko, na kwamba udongo huu ulikupasua miguu kabla yangu. Sikulaumu. Ila niandikie: unakuja au huji. Kama huji, usizungukezunguke, sema tu. Nitakwenda mwenyewe mlangoni kwa Yovana kabla ya mwezi wa nne, nimwonyeshe ile kona inayovuja na namna ya kuikanyaga. Sitaki kidimbwi cha Babu kiwafie mikononi.

Nisalimie Shangazi Eudosia anayekuhifadhi, na mwanawe Wálter, mwambie mpira alioniahidi naungoja bado. Mama Hilaria anakusalimu, anasema unenepe kidogo. Babu anakusalimu kwa mkono wa kushoto. Mungu akufunike huko uliko, na akuepushe na magari na watu wa maneno matamu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kichwa kizuri na mgongo mbovu, nikupendaye sana,

Edilberto