Tuta la Chini na Mawe Yako

Nyumbani,
Jumapili, 4 Oktoba

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima huko ugenini? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona, au bado unakidanganya kwa maji ya moto? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila miguu inamgomea asubuhi. Mwanao, huyu niliyeachiwa na marehemu kaka yako, ameota meno ya mbele na sasa anatafuna hata penseli.

Mimi naendelea kuzoea. Jana nilikuta mbegu za maboga mfukoni mwa koti la mvua la kaka yako. Nimezipanda.

Sasa habari za shamba. Lile korongo mlilokuwa mkiliruka utotoni siku hizi halirukiki. Mvua ikinyesha, udongo unateremka mpaka baharini na maji ya ufukweni yanakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Viazi vya chini vimebaki mizizi nje. Kisiwa chenyewe unakijua kilivyo kidogo. Udongo ukiondoka hatuna pengine pa kulima. Na sasa korongo linaelekea kwenye kaburi la kaka yako.

Bwana shamba alikuja, akatuambia tukinge maji kabla ya mvua kubwa. Aliporudi alikuta Mama amepanga ndoo, masufuria na beseni la kufulia chini ya paa lote.

"Si umesema tukinge? Tumekinga."

Bwana shamba alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, hayo ni ya kunywa! Mimi nataka makinga maji, matuta ya kukata mteremko."

"Basi ungesema matuta, baba. Kiswahili hicho umekisomea wapi?"

Tulicheka sote, mara ya kwanza tangu msiba.

Matuta ya juu tumeyamaliza pamoja na majirani, na tumepanda majani ya kushika udongo. Limebaki la chini, ndilo litakaloyazuia maji yasifike kaburini. Kwa vipimo vya bwana shamba, linapita palepale ulipopanga mawe ya msingi wa nyumba yako. Likipindishwa, maji yatapata njia. Inabidi mawe yasogezwe juu kidogo.

Mama amekataa katakata. Majirani walipofika na majembe, alikalia jiwe la pembeni akasema, "Hapa hagusi mtu." Nikadhani anatetea kiwanja chako. Jioni, tukichambua mboga, akasema bila kunitazama, "Mmoja yuko pale chini. Huyu mwingine akikuta mawe yake yamehamishwa, atasema tumemfuta." Shemeji, kila asubuhi, na miguu ile ile, huenda kung'oa majani yanayoota katikati ya mawe hayo.

Nimeandika kwa sababu simu ya nyumbani ni moja, na Mama haachani nayo. Usinijibu mimi, najua tuta utalikubali. Mpigie yeye. Kama unarudi, mwombe akuchagulie mahali pa kuyaweka mawe. Kama hurudi, mwambie pia, kwa upole, lakini asikie kwako. Mawingu yameanza kujikusanya. Mpigie kabla mvua haijafika.

Shangazi mshonaji anakusalimu, na jirani yetu fundi redio anasema bado anakukumbuka kwa kelele zako.

Mungu akulinde kazini na akurudishe chumbani kwako salama kila siku.

Wako akupendaye,
Shemeji yako