Baraka Iliyokuwa ya Deo

Tata,

Ni mimi Bea, mwanao wa mwisho. Nina neno la kukuambia, na kaburini siwezi kulisema, maana Mama huwa yupo pale, na neno lenyewe linamgusa.

Nyumba ipo. Ukuta wa mbele ulipakwa rangi kwa ajili ya matanga yako, ukapendeza kweli. Ungesema mtaa wetu wa Kapata umerudi kuwa ule wa zamani. Mama anakula kidogo. Mimi nimeanza mwaka wa kwanza chuoni, hapahapa Kolwezi, ninasoma sosholojia. Najua ungeuliza hilo somo kazi yake nini. Mpaka sasa kazi yake ni kunikosesha raha.

Mwalimu alianza kwa kutuambia kwamba mtu hajijui peke yake. Anajitazama machoni mwa wenzake, na anachokiona humo ndicho anachokuwa. Wenzangu wakaandika. Mimi nikamwona akilini kaka Deo kwenye bomba nyuma ya nyumba, ananawa matope miguuni kabla ya kuomba maji ya kunywa. Maana wewe ulisema: "Mu nyumba ya agent, creuseur haingie na mulango ya mbele." Wewe mwajiriwa wa kampuni, yeye mchimbaji wa mkono. Ulisema mara moja tu, na Deo hakusubiri kuambiwa tena.

Halafu tukafika kwenye ukengeufu, yaani kuvunja taratibu za jamii. Mwalimu akasema tendo linaweza kuwa lilelile, jamii ikalipa jina moja kwa huyu na jina jingine kwa yule. Nilicheka, kicheko kibaya. Wewe ulitoa shaba kwenye ardhi hii mpaka ukazeeka. Ulikuwa na kofia ya kampuni na nyumba ya kampuni, ukaitwa agent, na watu wakakupisha njiani. Kampuni ilipoyumba, Deo akachimba ardhi ileile kwa nyundo na kamba ili sisi tule, nawe ukamwita mwizi. Tata, nani alikufundisha kwamba udongo unakuwa haramu kwa kukosa kofia? Nakugombeza, nisamehe. Nakukosa na nimekukasirikia, yote pamoja.

Lakini nililotaka kusema ni la pemba, udongo wetu mweupe wa baraka.

Ulipolala kitandani, unga haukukatika humu ndani. Wala samaki, wala dawa. Ulikuwa ukiuliza: "Nani njo analeta?" Mama anajibu: "Ni Fidele, anatuma toka Fungurume." Kaka Fidele ana shati jeupe na meza ofisini, kwa hiyo bukari, ugali wa unga wake, ilikupita kooni bila shida. Mama alijua ukilisikia jina la Deo utasukuma sahani. Alitaka ule kwanza, ukweli uje baadaye. Simlaumu. Ni kwamba hiyo baadaye haikufika.

Siku ulipoomba pemba, sote tulielewa. Mzazi akiona safari imekaribia, anampaka ule udongo mweupe mikononi mtoto aliyemtunza, na huyo ndiye anayebaki mahali pake. Ulimwita Fidele. Ulimpaka mpaka kwenye viwiko, ukasema: "Asante, mutoto wangu. We njo ulinilisha." Fidele akamtazama Mama, Mama akatazama chini. Deo alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na mfuko wa unga begani. Aliuweka chini polepole, akaenda zake. Kesho yake ulituacha.

Watu wanakufa, Tata, hilo nalijua. Kinachoniuma ni kwamba ulikufa hujui nani alikulisha.

Baada ya mazishi Deo hakukanyaga kwetu. Fidele akamfuata machimboni na viatu vyake vya ofisi, akamwita kwa heshima ya kaka mkubwa: "Yaya, ile pemba ni ya kwako." Deo akajibu: "Tata alisha kusema. Mi niko mutu wa nyuma." Basi, lile somo la macho ya watu nikalielewa siku hiyo, na sikulipenda hata kidogo.

Ndipo tukamwita dada yako kutoka Kisenge. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba dada wa baba ni baba, na akifanya jambo umelifanya wewe. Shangazi alimsikiliza Mama akieleza yote mbele ya ukoo, wala hakumkemea. Akaagiza Deo aitwe. Deo alikuja, lakini akaishia kwenye bomba. Tulimbembeleza, wapi! Shangazi akachukua sahani ya pemba, akasema: "Kama yeye haingie, siye tutatoka."

Tukatoka wote. Mama alibeba mkeka, wajomba wakaketi kwenye tope na suruali zao za kanisani. Fidele akaketi nyuma ya kaka yake, kama inavyompasa mdogo.

Deo alinyoosha mikono, ile mikono yake iliyopasukapasuka, akapakwa. Akalia kama mtoto. "Nakubali," alimwambia shangazi. "Lakini mukono ya Tata njo nilikuwa natafuta." Mila zetu zina dawa ya mambo mengi, Tata. Zimetupa baba wa pili. Macho yako hazikuweza kutupa.

Sasa Deo ndiye mkubwa wetu. Anaingia, anakula nasi, watu wanamsikiliza. Ila nikimwangalia naona bado anangoja mtu wa kumruhusu, na mtu huyo hayupo.

Lala salama, Tata wangu. Nakuahidi, popote nitakapokuwa, nitasema Deo ni kaka yangu mkubwa, na kazi yake nitaitaja bila kupunguza sauti. Nawe nifanyie jambo moja. Siku atakayokuja huko, na Mungu aifanye mbali, akiwa mzee, usingoje apige hodi. Toka nje, ukampokee.

Binti yako,
Bea