Kanga za Mama Hazigawiwi

Chang'ombe, Jumamosi, 1955

Shangazi akikasirika, shauri yake. Kaja leo kumuuliza mama kanga zake atamwachia nani, kama vile ameshakufa.

Karatasi ya majibu ya kile kinyama walichomkata mama kwenye titi kule hospitali wakakipime tumepewa jana. Ni ya Kizungu, na daktari tutamwona Jumatano. Jirani yetu karani kaisoma mara mbili: uvimbe upo, lakini si saratani.

"Karani siyo daktari," Shangazi akasema.

Mie sisemagi mbele ya wakubwa, na Jumatano naiogopa. Lakini nikasema: "Daktari atatueleza la kufanya. Kanga hazigawiwi, Shangazi."

Mama akamnyang'anya kanga nyekundu aliyokuwa kaishika, akajifunga. "Hii bado naivaa, wifi."