Shangazi, Uliona Nini Kutoka Kwenye Shangingi Lile?

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ulikuwa ukiitikia marahaba kisha unauliza hapo hapo, "Leo unagombana na nani?" Leo sigombani na mtu. Ndiyo maana nakuandikia hadharani, ili wale wanaonisoma kwa sababu ya kelele zangu wanione, angalau mara moja, nikiuliza swali ambalo jibu lake silijui.

Swali lenyewe ni hili. Wewe, mfuma mikeka wa Kinjumbi, ambaye hukununua hata chungu bila kukigonga na kukisikiliza, kwa nini ulilipenda shangingi, gari lile kubwa la wakubwa?

Nauliza kwa sababu mjukuu wako Shabani anaoa Jumamosi ijayo, na anaoa kule Sudi, kwa watu wale wale tulikokwenda kumwozesha mwanao Athumani. Mama yake Shabani, binti yako Mwanaidi, ndiye sasa mama wa bwana harusi, na kiti cha mbele ni chake. Lakini goti lake, lililoanza kumsumbua wakati wa msiba wako, siku hizi halipandi hata kizingiti bila kubembelezwa. Ukoo umegawanyika. Wapo wanaotaka likodiwe shangingi Lindi, wapo wanaosema kigari changu kinatosha. Mwanaidi yuko katikati na kila upande unamtia hofu. Akifika na kigari, anaogopa wakwe watasema amekuja harusini kama anayekwenda kliniki. Akifika na lile kubwa, anaogopa kushushwa kwa kubebwa mbele za watu. Hakuna mwanamke anayetaka wakwe zake wamkumbuke kama mzigo.

Msimamo wangu unaujua, ulikuwa ukiugunia kila nilipokuja. Nimeandika miaka na miaka kwamba nchi inayonunua mafuta nje haina sababu ya kumpakia mtu mmoja na mkoba wake ndani ya gari lenye uzito wa tembo. Nimewaandama wakubwa wanaoacha injini inaunguruma nje ya mkutano ili wakitoka wakute ubaridi. Nimesema, na narudia hapa, kwamba anayepita kwenye mashimo bila kuyasikia hawezi kuwa na haraka ya kuyaziba. Wanaoamua habari za barabara hupanda magari yanayowaficha barabara. Sisi wa vigari vinavyonusa mafuta tunayajua mashimo kwa viuno vyetu.

Sifuti neno. Ila nimesoma vitabu vya uchumi vya kutosha kuchosha wageni, na vyote vina maelezo kuhusu mtu anayependa gari kubwa kuliko haja yake: majivuno, kuiga, woga wa kuonekana duni. Nilikuwa nayaamini maelezo hayo, na mengi bado nayaamini. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja linalokutosha wewe. Wewe uliyevaa kanga iliyopauka siku ya Idi, ile mpya ukampa mgeni! Majivuno gani hayo?

Kumbuka safari zetu za kliniki ya presha, kutoka Kinjumbi mpaka Masoko. Ulikuwa na mtindo wako wa kuingia kwenye kigari changu: unageuka, unakaa kwanza, kisha unaingiza miguu, mmoja na mwenzake. Hakuna aliyekushika. Siku moja nikajisifu.

"Unaona, Shangazi? Hili ndilo gari la saizi ya binadamu."

"La saizi ya kuku," ukasema. "Nikikaa humu nakaa mkekani."

Nikacheka. Nilidhani ni sifa, maana nani aliyeijua mikeka kama wewe?

Halafu ikaja harusi ya Athumani. Wanao walikodi shangingi jeupe bila kuniuliza, wakijua ningesema nini. Kinjumbi ulipanda nyuma ya nyumba, mbali na macho ya wanaume, ukisukumwa na wanawake wenzako, na vicheko vyenu nilivisikia hadi barabarani nilikokuwa nawasubiri. Namna ya kupanda iliwazwa wiki nzima. Namna ya kushuka haikuwazwa na mtu. Huo ndio ugonjwa wetu, Shangazi, si wa magari tu.

Tulifika Sudi vigelegele vinapasua hewa. Kanga zilikuwa zimetandikwa kuanzia mlango wa gari mpaka ndani ya nyumba. Mlango ukafunguliwa, ukatoa mguu, ukaitafuta ardhi, ukaikosa. Ukaurudisha mguu ndani taratibu, kama mtu aliyeonja maji ya kuoga akakuta ya moto.

Dereva akanyoosha mkono.

"Mimi si gunia la korosho," ukamwambia.

Nami, nikiwa nimeegesha kigari changu nyuma yenu, nikasogea na hoja yangu. "Si nilisema mimi?"

"Wewe nyamaza, wakili."

Bi Hadija, mama wa bibi harusi, akatoka mikono kiunoni, amependeza kuliko bibi harusi mwenyewe. "Karibu, mkwe! Mbona hushuki? Au tumwite mkwezi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu wetu wakainamisha vichwa. Wewe hukuinamisha. Ulikaa pale juu kama kadhi.

"Mkwezi wa nini, mkwe? Mkwezi huitwa na anayetaka kupanda. Mimi nimeshafika."

Wakacheka tena, safari hii na Bi Hadija naye. Lakini ulikuwa bado uko juu. Ndipo mke wa jirani mmoja, asiyezijua mila za pwani lakini mwenye nia njema kabisa, akaja mbio na kinu. Akakipindua chini ya mlango kiwe ngazi. Vigelegele vikakatika. Wanawake wa pande zote mbili wakatazamana. Kukanyaga kinu ni mwiko, sembuse siku ya harusi, tena mama wa bwana harusi! Kinu kikaondolewa haraka, kimefunikwa kanga kama mtu aliyevuliwa nguo, na yule mama maskini hakuelewa amekosa nini mpaka jioni.

Sisi tulipokuwa tunahangaika na kinu, wewe ulikuwa umeshaipima nyumba kwa macho. Ilikuwa na baraza la saruji, refu, lililoinuliwa kukwepa maji ya masika.

"Dereva, lisogeze gari ubavu mpaka barazani."

"Bibi, kuna maua."

"Maua hayaolewi leo. Sogea."

Gari likasogea. Makopo ya maua ya Bi Hadija yakalia kraa, kraa, kraa, na mlango wako ukaja sawasawa na baraza. Ukatoka kama mtu anayetoka chumba kimoja kuingia kingine. Kanga zilizotandikwa chini zikabaki pale pale, hazikukanyagwa na mtu.

Hadithi hii nimeisimulia mahali pengi kama ushahidi wangu dhidi ya magari makubwa: tazameni, gari la heshima limemnyima mama wa watu heshima! Wasikilizaji hucheka, nami huendelea na hoja inayofuata. Lakini kuna kipande cha safari ya kurudi ambacho sikuwahi kujua nikiweke upande gani wa ubishi.

Tulipokaribia Lindi, gari lenu lilipunguza mwendo hadi likawa linatambaa. Nikavumilia nyuma, moyo unachemka, kisha nikapiga honi mkasimama. Nikaja dirishani, nikasimama mtaroni.

"Mbona mnakwenda kama tunasindikiza maiti?"

"Bibi ndiye anayeendesha," dereva akasema. "Mimi nashika usukani tu."

Ulikuwa umeteremsha kioo, kiwiko kiko nje, shavu kiganjani. Hukunigeukia. "Njia hii nimeipita tangu msichana," ukasema. "Sikujua kama nyuma ya lile tuta la udongo kuna mashamba ya chumvi. Tazama yalivyo meupe. Kama mtu kaanika mashuka."

Nikageuka nitazame. Niliona tuta.

"Ungetaka kuyaona ungeshuka ukapanda tuta," nikasema.

"Kushuka nimeshuka vya kutosha." Kisha, maana hukuweza kumaliza neno bila pilipili: "Na yule ndugu yetu wa pale kona anayejisifu bati, mwambie bati lake limetoboka. Nimeliona."

Gari likaendelea kutambaa. Nikarudi kwenye kigari changu, nikakaa, nikaliona tuta mpaka lilipokwisha.

Sasa sikiliza ya juzi. Nilimpeleka Mwanaidi Masoko kwa mtu mwenye shangingi, ajaribu kabla ukoo haujaamua. Nakiri nilikwenda nikiwa na hakika ya ushindi. Mwenye gari akafungua mlango. Mwanaidi akashika mpini wa ndani, akaweka mguu kwenye ubao wa kukanyagia, akajivuta. Goti likakataa. Akajaribu tena, likakataa. Akakaa pale pale kwenye ubao, mlango wazi, akajifuta uso na ncha ya mtandio.

Unajua sisi watoto wa shangazi na mjomba hatuachi utani hata kaburini. Nikasema, "Binamu, gari limekukataa. Rudi kwangu, mimi sikukatai."

"Kigari chako kimejaa maneno, mtu atakaa wapi?" akajibu. Lakini sauti haikuwa ya utani. "Basi. Umeshinda. Nenda kaandike."

Nilikuwa nimesubiri neno hilo kwa watu wengi, Shangazi, na wengi hawajanipa. Sikujua kwamba lina ladha ya majivu. Nikamuuliza, si kwa hila, kwa kutaka kujua tu, "Ungekaa pale juu, ungetaka nini hasa? Wakuone?"

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyesoma mpaka akapitiliza. "Siku ile ya Athumani mimi nilibaki Kinjumbi kupika. Mama aliporudi, watu wakamzunguka asimulie harusi. Hakusimulia harusi. Alisimulia chumvi."

Nikampa mkono ainuke, bila kubishana. Wewe unajua ni nadra.

Tangu juzi nageuza jambo hili. Umefuma mikeka maisha yako yote, umekaa chini, miguu umeinyoosha, ukili mapajani. Harusini wenye vyeo walipewa viti, ninyi mliofuma mikeka mkakaa juu ya mikeka. Nami nikaja na gari langu la akili nyingi na mafuta machache, nikakukalisha mkekani tena, nikataka unishukuru. Je, ndiyo hiyo? Au nabuni tena maelezo ya kitabuni, nikuweke na wewe kwenye rafu? Huenda ulipenda chumvi tu. Huenda wapo wengi ninaowarushia maneno kila wiki ambao wana chumvi yao nyuma ya tuta, na sijawahi kuwauliza. Mkubwa aliyefunga vioo vyeusi akilala kiti cha nyuma simuulizi kitu, huyo anapoteza mafuta tu. Lakini wengine?

Basi tumepanga hivi. Kutoka Kinjumbi mpaka Lindi, Mwanaidi atapanda kigari changu, maana ndiko kwenye safari ndefu na kushukashuka kwa swala na choo, na hapo, samahani, bado niko sahihi. Lindi tutalala kwa wifi yake, ambaye nyumba yake ina baraza. Asubuhi shangingi litasogezwa pale, Mwanaidi ataingia kwa hatua moja, na nyuma yake watajaa mashangazi na makungwi mpaka viti vya akiba. Nimepiga hesabu ya mafuta kwa kila kichwa: gari kubwa lililojaa wanawake wale linamshinda mtu mmoja mbishi kwenye kigari chake. Hesabu yangu mwenyewe imenigeuka.

Lilibaki swali la kushuka, maana safari hii niliapa lifikiriwe mapema. Jana nimepiga simu Sudi. Aliyepokea ni Bi Hadija, sasa bibi wa bibi harusi kwa mwanawe mwingine, sauti ile ile. Nikamwamkia, nikamuuliza kama baraza lile bado lipo.

"La nini?" akauliza.

"Mwanaidi anakuja na gari kubwa."

Nikasikia anavuta pumzi, nikajiandaa kwa utani wa mkwezi.

"Lipo," akasema. "Makopo yangu ya maua nitayaondoa mwenyewe alfajiri. Mwambie binti wa yule mama asogee bila woga."

Dereva nimeshamwagiza: akitoka Lindi, kioo cha dirisha la mbele kiwe chini, na akifika kwenye tuta, atambae. Sitapiga honi.

Pumzika, Shangazi, Mola akuweke mahali pa juu. Mimi nitakuwa nyuma yao, mkekani.

Mtoto wa kaka yako