Majina Kumi na Mawili

Mahajanga, Jumanne, 1986, baada ya magharibi

Hasira haijanitoka. Wiki mbili nampikia yule mzee Mwingereza hapa nyumba ya wageni, namsifia Kiswahili chake cha Mombasa, kumbe!

Leo kwenye chai kaniambia kuwa vitani alikuwa rubani wa ndege isiyo na injini. Ndege nyingine iliwavuta kwa kamba, ikawaachia mapema mno, wakaanguka baharini. Askari kumi na wawili aliowabeba walikufa maji wote. Yeye alidandia bawa, akapona.

Nilimwekea kikombe kwa kishindo. Ni kama nilimwona mbele yangu nahodha wa ile boti ya kisiwa cha Nosy Be iliyozama, aliyeruka wa kwanza akamwacha mwanangu Saidi ndani.

"Kwa hiyo uliwaacha," nikamwambia.

"Ndiyo, mama."

Hata kujitetea hakujitetea! Ndipo nikapandwa na hasira zaidi. "Basi nitajie jina la mmoja wao tu!"

Akaweka kijiko chini, akawataja wote kumi na wawili, kwa mpangilio wa viti vyao. Mwenyewe ndiye aliyewapanga kwa uzito wao, ndege isilalie upande. Alipomfikia wa mwisho, chai ilikuwa imepoa.

Nikamchemshia nyingine. Hasira ninayo bado, ila si kwa mzee huyu tena.

Ijumaa iliyopita nilikutana na yule nahodha wa boti sokoni. Aliniamkia vizuri tu, kisha akaniuliza mwanangu alikuwa anaitwa nani vile.